Uvundo wa nyumba: tafuta maji kwanza, udi uje baadaye

Kila aliyelelewa Pwani anaijua harufu hii. Mwezi ni Mei, mvua imepiga siku nne mfululizo, na jioni kuna harusi Mtongwe. Unafungua kabati utoe kanzu uliyoiweka tangu Idi, na kabla hujaigusa, uvundo unakutangulia. Nguo ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikakunjwa vizuri. Lakini begani ina madoa ya kijivu, na viatu vya ngozi vilivyo chini yake vimeota manyoya ya kijani.

Jambo la kwanza tunalofanya ni kutia udi chetezoni. Nami sina ugomvi na udi. Nyumba hupendeza na mgeni hujua amepokewa. Lakini udi ukifukizwa juu ya uvundo, unapata nyumba yenye harufu mbili. Ikifika alasiri udi umekwenda zake na mwenyeji wa zamani amebaki palepale. Sprei za makopo ni hivyo hivyo, na vile vidude vya kuchomeka kwenye umeme pia. Vyote hushughulikia pua. Uvundo ni habari: unakwambia kuna maji mahali yasipotakiwa. Mpaka ujue yanatoka wapi, kila shilingi unayoitoa ni sadaka kwa mwenye duka.

Makala haya yanazihusu zaidi nyumba za ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako wengi wetu tumepanga au tumejenga kidogo kidogo kwa uwezo tulio nao.

Kinachonuka ni nini

Harufu hiyo hutolewa na kuvu, au koga kama wasemavyo wazee. Mbegu zake ni ndogo mno na zimo hewani kila mahali, hata kwenye nyumba safi kuliko zote. Huwezi kuzimaliza. Ili ziote zinataka chakula, nazo si wachaguzi: pamba, ngozi, karatasi, mbao, gundi, hata vumbi lililokaa juu ya ukuta. Zinataka joto, ambalo sisi tunalo mwaka mzima. Na zinataka maji. Kitu kikiloa kikakaa siku moja au mbili bila kukauka, kazi imeshaanza. Kati ya mahitaji hayo matatu, ni maji peke yake unayoweza kuzinyima.

Tazama mkebe wa chumvi jikoni. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumvi humwagika kama mchanga. Ikiingia kusi na mvua zake, kuanzia Aprili, hugandana ikawa jiwe, na akina mama hutia punje za mchele ndani ili zinywe maji. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapovuka kiasi cha asilimia 75. Asubuhi nyingi za Mombasa huvuka hapo, na Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi zaidi. Kuvu nayo hustawi pale unyevu kwenye uso wa kitu unapokaa karibu na asilimia 80 kwa siku kadhaa. Kwa hivyo mkebe wa chumvi ni kipimo cha bure. Ukianza kulia, jua kabati nalo linalia.

Mtu atauliza: harufu tu, ina shida gani? Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu huugua zaidi maradhi ya kifua na kubanwa na pumu. Watoto, wazee na wenye pumu ndio wa kwanza kuumia. Ukiona mtoto anakohoa usiku nyumbani, akipelekwa kwa bibi yake kwa wiki moja anapona, na akirudi kikohozi kinarudi naye, usiishie kununua dawa ya kikohozi. Mpeleke hospitali, na ukirudi uzitazame kuta.

Ukuta unaokunywa

Nilijifunza haya kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma nilipanga vyumba viwili Likoni, upande wa Timbwani. Ukuta wa nyuma ya kitanda cha watoto ulikuwa ukivimba rangi mpaka usawa wa kiuno, kisha rangi inapasuka na kumwaga unga mweupe juu ya shuka. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Nilipolalamika alileta mpakaji. Rangi ya mafuta, ya maziwa, ikang'aa. Baada ya mvua ukuta ukavimba tena. Akaleta tena. Mwanangu wa miaka minne usiku kifua kilikuwa kikimlia kama filimbi.

Siku moja alikuja fundi mmoja wa makamo ya babangu kutengeneza mlango. Aliuona ukuta, akaukwaruza kwa ukucha, akaonja ule unga kwa ncha ya ulimi. (Msilambe kuta, jamani, rangi za zamani nyingine zina sumu.)

"Mwanangu, ukuta huu wanywa," akasema.

"Wanywa nini, ami?"

"Maji ya chini. Na hii ni chumvi. Wewe waupaka rangi juu yake, wafunga mlango na mwizi yumo ndani."

Kisha akanifundisha kipimo ambacho mpaka leo nakipa kila mtu. Kata kipande cha nailoni nzito, ukubwa wa daftari. Pangusa ukuta uwe mkavu kwa juu, kibandike hapo na ukifunge pande zote nne kwa selotepu, hewa isipite. Kiache siku mbili. Maji yakitokea upande wa chumbani, juu ya nailoni, basi yanatoka hewani: ni pumzi zenu, mapishi na nguo mlizoanika ndani. Yakitokea upande wa ukutani, nyuma ya nailoni, basi yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Pande zote mbili zikiwa na maji, pole sana, una kazi mbili.

Kabla ya hapo tumia pua, lakini isiwe ya kwako. Pua huzoea haraka, na aghalabu mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake. Funga milango nusu siku, nenda matembezini, ukirudi ingia polepole na uinuse pembe moja moja, ama mwombe jirani aingie kwanza. Na utofautishe: harufu ya choo au yai viza ni ya mabomba, mara nyingi pale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sinki au bafuni yamekauka. Mimina jagi la maji kwenye tundu ambalo halijatumika muda mrefu, huenda ukamaliza tatizo kwa dakika moja. Uvundo wa kuvu ni mwingine. Ni kama udongo wa kisimani au gunia lililoloa.

Maji yana njia tatu za kuingia: kutoka juu, kutoka chini na kwa hewa. Ya juu ndiyo nyepesi kuyajua. Msumari wa bati uliolegea, gata lililojaa majani ya mwarobaini, tangi la maji juu ya ghorofa linalofurika kila usiku wa zamu ya maji. Doa lake huwa darini au sehemu ya juu ya ukuta, lina ukingo wa rangi ya chai, na hukua mvua inaponyesha. Panda wakati wa mvua utazame, au umpandishe fundi. Ila kama paa ni la asbestosi, kama yalivyo mapaa ya baadhi ya nyumba za zamani, usilikwaruze wala kulisugua. Vumbi lake lina madhara makubwa kuliko kuvu yenyewe.

Maji ya chini yanataka maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yanayokatwa kwenye machimbo ya pwani hii hii. Tumbawe ni mifupa ya bahari, limejaa vitundu vidogo vinavyoshikana, nalo hunyonya maji ya ardhini kama mkate wa mofa uliochovywa chai. Hupanda mpaka kiunoni, wakati mwingine kifuani. Dawa yake ilitakiwa iwekwe siku ya kujenga: ile karatasi nyeusi ya lami ambayo fundi huilaza juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta. Kwenye nyumba nyingi za kupangisha zilizoinuliwa haraka, karatasi hiyo ama haikuwekwa au ilitobolewa. Ongeza chumvi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo simiti hukorogwa kwa maji ya kisima yaliyo chumvi chumvi, na wakati mwingine kwa mchanga wa ufuoni. Chumvi ile hubaki ndani ya ukuta maisha yake yote. Kumbuka mkebe wa jikoni: hata mvua isiponyesha, chumvi iliyomo ukutani huita maji kutoka hewani. Ndiyo maana kuna kuta zinazotoka jasho siku ya fukuto bila tone la mvua.

Hapa huniuma ninapofikiria wazee wetu. Vuka kwa feri uende Mji wa Kale, uziguse zile kuta nene za matumbawe. Nazo zilinyonya maji, lakini zilipakwa chokaa na neru, na chokaa hupumua. Maji yaliingia yakatoka. Kila baada ya muda ukuta ulipakwa chokaa upya, na chokaa mbichi ni kali kiasi cha kuua kuvu. Sisi tukaletewa simiti, na Bamburi wamekuwa wakisaga mawe yale yale ya matumbawe kuifanya tangu miaka ya 1950. Si kwamba simiti ni mbaya. Nguzo na zege zinaihitaji. Kosa ni kuuvika ukuta wa tumbawe plasta ngumu ya simiti na juu yake rangi ya mafuta. Umeufunga koti la mvua mtu ambaye jasho linamtoka. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, au huisukuma rangi mpaka ipasuke.

Kwa hivyo ukuta unaokunywa hautibiwi kwa rangi. Anza nje. Je, ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani? Barabara za mitaa zinainuliwa, ua unamwagwa zege, miaka inapita, na nyumba ya zamani hujikuta imekaa shimoni. Chimba mfereji mwembamba kando ya ukuta, uteremke chini ya usawa wa sakafu, ujaze kokoto, na uupe mteremko wa kuyatoa maji. Maji ya bafu la uani yasimwagike mguuni mwa ukuta. Gata lipeleke maji mbali. Shimo la choo lililo karibu sana na ukuta nalo huunywesha, na Kisauni na Likoni, ambako nyumba nyingi hutegemea mashimo, hili si jambo la ajabu.

Kisha, kaskazi ikiingia, bandua plasta yote iliyooza mpaka nusu mita juu ya alama ya mwisho ya maji. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu na uizoe. Usiioshe, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani. Uache ukuta uchi. Kanuni ya mafundi ni kiasi cha inchi moja ya ukuta kwa mwezi, kwa hivyo subira inahitajika. Ukikauka, piga plasta ya chokaa na mchanga usio na chumvi, juu yake chokaa ya kupaka au rangi ya maji isiyoziba. Fundi avae miwani na glavu. Chokaa mbichi ikiingia jichoni ni balaa.

Maji tunayoyatoa wenyewe

Sasa hewa. Mtu mmoja aliyelala hutoa maji zaidi ya glasi moja kwa pumzi na jasho usiku kucha. Watu watano chumba kimoja, hesabu mwenyewe. Gesi ya kupikia nayo: kila kilo inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha, nyumba yako imemiminiwa kiasi cha lita 9, mbali na mvuke wa wali wenyewe. Na ndoo ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono, zikaanikwa kwenye kamba chumbani kwa sababu ya mvua, zinaweza kuwa na lita mbili au zaidi ambazo lazima ziende mahali. Zikikosa dirisha zitakwenda kabatini na godoroni.

Mtu atasema, fungua dirisha. Ni rahisi kusema. Changamwe, anayekaa kando ya barabara ya malori hufunga dirisha kwa moshi na vumbi. Kisauni, baada ya visa vya vijana wenye mapanga, kuna mitaa ambayo hakuna anayelala dirisha wazi. Mbu hawana mtaa. Na ghorofa nyingi mpya dirisha linatazama ukuta wa jirani, mkono mmoja tu mbele. Nimeona wapangaji walioziba kwa magazeti hata yale matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwa yakiwasaidia.

Fungua matundu hayo kwanza. Yatie wavu wa mbu, si gazeti. Madirisha yafungue saa za kufaa. Hewa ya alfajiri baada ya mvua imejaa maji, ukifungua wakati huo unaleta unyevu ndani. Jua likipanda, kuanzia kama saa nne mpaka alasiri, ndipo hewa huwa kavu zaidi na upepo wa bahari huvuma. Fungua pande mbili zinazoelekeana, hata nusu saa. Nyumba ya Kiswahili ya ujia katikati ilijengwa kwa akili hiyo: mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi, upepo hupita vyumba vyote bila kuombwa. Wengi tumeuziba ujia kwa friji na makochi, kisha tunanunua panka. Panka lenyewe linasaidia, lakini likizungusha hewa ile ile bila pa kutokea hukausha kidogo tu.

Pika mlango wa jikoni ukiwa umefungwa upande wa chumba na dirisha la nje likiwa wazi. Nguo za ndani zianikwe chumba kimoja tu, chenye dirisha wazi na panka, na mlango wake ufungwe. Kabati lisogeze mbali na ukuta upana wa ngumi, na lisikae kwenye ukuta wa nje kama una nafasi nyingine. Godoro la sakafuni liinuliwe kila asubuhi na kuegemezwa. Ukilifunua na kukuta sakafu ina jasho, tafuta hata mbao za paleti za kuliinua. Wenye kiyoyozi wakumbuke kusafisha chujio lake, maana nacho hufuga kuvu na kuipuliza.

Kuiondoa iliyokwisha kuota

Ukishayakata maji, ndipo usafishe. Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, watoto na mwenye pumu watoke. Usifagie kuvu kavu. Itapaa nyumba nzima. Iloweshe kidogo kwanza. Kwa vigae, vioo na plastiki, sugua kwa maji ya sabuni, kisha ukitaka pitisha dawa ya kung'arisha nguo, ile ya Jik na wenzake, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, uiache dakika kumi, usuuze na ukaushe. Kwenye ukuta wa plasta au mbao dawa hiyo huondoa rangi ya doa tu, mizizi ikabaki ndani, na maji yake yakaongeza unyevu. Huko siki nyeupe au sabuni, kisha kukausha vizuri, hufaa zaidi. Kuvu ikishavuka kama mita moja ya mraba, tafuta msaada.

Na hapa nisikilize vizuri: usichanganye dawa hiyo na siki, wala na dawa ya choo, wala na kitu chochote chenye amonia. Hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu. Kuna watu hudhani mbili zikichanganywa nguvu inazidi. Nguvu inazidi, lakini juu yako.

Dari la ubao laini lililooza halioshwi, hutolewa. Nguo zifue kwa maji ya moto kadiri zinavyostahimili, ukitia kikombe cha siki kwenye suuza, kisha jua kali mpaka zikauke kabisa. Nguo yenye ubaridi mkononi bado ina maji. Kanga na shuka huvumilia jua la siku nzima, buibui jeusi ligeuze ndani nje lisipauke. Viatu na mikoba ya ngozi pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nje ya nyumba. Vitabu na misahafu vifunguliwe kurasa na kusimamishwa kivulini penye upepo, kisha kuvu ipanguswe kwa brashi laini. Kabati tupu lioshwe na likae wazi siku nzima. Bakuli la makaa makavu au magadi ya kupikia ndani yake huvuta mabaki ya harufu. Badilisha kila mwezi. Na sasa, kabati likiwa kavu, fukiza udi wako. Utaona tofauti.

Mambo mawili tunayoyafanya kwa nia njema yanaweza kuua. La kwanza ni jiko la makaa chumbani wakati wa mvua ili "kukausha hewa". Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mnalala na hamuamki. La pili ni vile vidonge vyeupe vya naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga. Katika sehemu zenye malaria kama Pwani yetu, si wachache wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto wa aina hiyo akivuta au akivishwa nguo zilizolala na naftalini, damu yake huweza kuvunjika, akageuka manjano. Nguo za mtoto ziwekwe na karafuu au asumini kavu, basi.

Nani alipe?

Mpangaji asiyefungua dirisha ana lawama yake. Lakini msingi usio na karatasi ya lami si kosa la mpangaji. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero inayoweza kutolewa notisi, na pale kasoro ikiwa ya ujenzi wenyewe, notisi humwendea mwenye nyumba. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kumwendea. Nenda na picha zenye tarehe, na barua za hospitali kama zipo.

Huko Uingereza ilibidi mtoto afe kwanza. Awaab Ishak, mtoto wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Baba yake alianza kulalamika kuhusu kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni kuvuta kuvu ya nyumba ile kwa muda mrefu. Sheria iliyopitishwa 2023 imebeba jina lake, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma wana siku maalumu za kukagua na kutengeneza. Niliposoma "apake rangi" nilifunga simu nikanyamaza. Nilikuwa nimeambiwa maneno hayo hayo, na nikashukuru.

Sisi tulipatana bila afisa. Nilimwonyesha mwenye nyumba nailoni na unga wa chumvi, nikamwita yule ami aeleze kwa lugha ya mafundi. Yeye alinunua chokaa, mchanga na kokoto, mimi nikalipa ufundi. Watoto walihamia chumba cha mbele. Plasta ilibanduliwa Desemba, ukuta ukakaa uchi, mbaya wa kutazama, mpaka katikati ya Machi. Mvua za Mei zilipokuja nilibandika nailoni tena palepale. Baada ya siku mbili upande wa chumbani ulikuwa mkavu, na upande wa ukutani ulikuwa na umande mwembamba tu. Ami alisema huo utaendelea kupungua, na kwamba kitanda nikirudishe, ila kisiguse ukuta.